Kuzunguka Ziwa Bodensee kwa Baiskeli: Mwongozo Kamili wa Njia Tulivu na Miji Mikongwe

Ziwa Bodensee, ambalo ramani nyingine huliita Ziwa Konstanz, limekaa kati ya nchi tatu: Ujerumani kaskazini, Austria kwenye ncha ya mashariki na Uswisi kusini. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 536 hivi, na njia ya baiskeli inayolizunguka lote ina takriban kilomita 260. Njia hiyo ni maarufu mno, na hapo ndipo penye tatizo. Mchana wa jua mwezi Julai au Agosti, kipande cha Meersburg hadi Lindau hujaa familia, baiskeli za umeme na vigari vya kukokota watoto, mpaka unajikuta unakwenda mwendo wa miguu. Wapo wanaoondoka wakisema ziwa ni zuri lakini halina utulivu.

Utulivu upo. Anayeukosa ni yule anayeng'ang'ania kumaliza duara zima kwa siku chache, akifuata vibao vya njia kuu peke yake, tena saa ambazo kila mtu yuko njiani. Mwongozo huu ni wa yule aliye tayari kukata duara kwa kivuko au treni, kupanda kidogo mashambani pale ufuoni panapojaa, na kuingia mji mkongwe kabla maduka hayajafunguliwa.

Hatua ya kwanza: chagua majira, kisha chagua saa

Majira mawili ndiyo bora. La kwanza ni kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei, mitufaha inapochanua upande wa Uswisi na kuzunguka Kressbronn. Epuka tu wikiendi ndefu za sikukuu ya Kupaa Bwana na Pentekoste, maana Wajerumani wengi hutumia siku hizo hizo kutembea. La pili ni kuanzia katikati ya Septemba. Shule za majimbo ya Baden-Württemberg na Bavaria huchelewa kufungua kuliko nyingi za Ujerumani, kwa hiyo wiki ya kwanza ya Septemba bado ni ya likizo. Baada ya hapo njia hupungua watu ghafla, maji ya ziwa bado yana uvuguvugu, na wakulima wako kwenye mavuno ya tufaha na zabibu. Kuanzia Oktoba ukungu huanza kulala juu ya ziwa asubuhi, na ikifika Novemba unaweza kukaa siku nzima bila kuona ng'ambo.

Kuhusu saa, mimi nasisitiza asubuhi kuliko kitu kingine chochote. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, hata kipande kinachosifika kwa msongamano huwa wazi. Panda baiskeli mapema, maliza kilomita zako nyingi kabla ya saa tano, kisha mchana uwe wa mji, kuogelea na kulala. Mipango yote iliyo hapa chini imejengwa juu ya ratiba hiyo.

Hatua ya pili: amua unazunguka kipande kipi

Bodensee ni maziwa mawili yaliyounganishwa. Obersee ni lile kubwa la mashariki, na mkono wake wa kaskazini-magharibi unaitwa Überlinger See. Untersee ni dogo, liko magharibi. Kati yao unapita mto Rhine kwa kilomita kama nne, na mji wa Konstanz umekaa hapo hapo kwenye kiungo. Vivuko viwili hubeba magari na baiskeli: Konstanz hadi Meersburg, safari ya robo saa, usiku na mchana; na Friedrichshafen hadi Romanshorn, dakika 40 hivi. Kwa vivuko hivyo, duara moja kubwa linakatika kuwa manne madogo:

- Duara la kati: Konstanz, kivuko, Meersburg, Friedrichshafen, kivuko, Romanshorn, kurudi Konstanz. Kilomita 45 hivi za kukanyaga pedali, karibu zote tambarare. Anayeanza aanze na hili.
- Duara la mashariki: Friedrichshafen, Lindau, Bregenz, Rorschach, Romanshorn, kivuko. Kilomita 80 hivi. Lina nchi tatu ndani yake.
- Duara la Überlinger See: Konstanz, Bodman, Überlingen, Meersburg, kivuko. Kama kilomita 60, likiwa na milima midogo.
- Duara la Untersee: Konstanz, Stein am Rhein, Radolfzell, Reichenau, Konstanz. Kati ya kilomita 60 na 70. Kwa maoni yangu hili ndilo tulivu kuliko yote, na ukiwa na siku moja tu, lichukue hili.

Duara lolote utakalochagua, lizunguke kwa mwelekeo wa saa. Nchi zote tatu huendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukienda kwa mwelekeo wa saa, ziwa linakuwa kulia kwako na hakuna gari linalokuzibia maji. Pia upepo wa kawaida hutoka magharibi: utakusukuma ukiwa ufuo wa kaskazini. Utaulipia ukirudi magharibi upande wa Uswisi, lakini huko reli inafuatana na ufuo kijiji kwa kijiji, na ukichoka stesheni haiko mbali.

Hatua ya tatu: baiskeli na mzigo

Usije na baiskeli ya mashindano yenye tairi nyembamba. Njia nyingi ni lami, lakini kwenye hifadhi za matete na kati ya mashamba kuna vipande virefu vya kokoto laini, na miji mikongwe imetandikwa mawe yanayotikisa mikono. Tairi za upana wa milimita 35 hadi 40 zinafaa kabisa. Punguza upepo kidogo kuliko ulivyozoea kwenye lami. Baiskeli za kukodi zinapatikana katika miji yote mikubwa ya ziwa. Kabla ya kuondoka dukani, bana breki zote mbili huku ukiisukuma baiskeli mbele, badilisha gia zote huku gurudumu la nyuma likiwa juu, na zungusha kila gurudumu uone kama linayumba. Baiskeli iwe na kengele na taa, kwani sheria ya Ujerumani inavitaka vyote viwili. Kengele utaitumia sana.

Beba tyubu moja ya akiba, viraka, pampu, funguo za kufungulia gurudumu, koti jepesi la mvua na kufuli imara. Maji si tatizo: vijiji vingi, hasa upande wa Uswisi, vina chemchemi za mawe zenye maji ya kunywa. Ukiona kibao cha "Kein Trinkwasser", hayo hayanyweki.

Hatua ya nne: hati, fedha na sheria za barabarani

Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote tatu. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen tangu 2008. Mipakani mara nyingi hutasimamishwa, ila forodha wana haki ya kukukagua, kwa hiyo pasipoti isikae hotelini. Ujerumani na Austria wanatumia yuro, Uswisi faranga. Jambo linalowashtua wengi ni simu: laini ya Umoja wa Ulaya inaweza kukutoza pesa nyingi ukiwa Uswisi, na karibu na mpaka simu hurukia mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza. Pakua ramani mapema, kisha zima data.

Aliyezoea kuendesha kushoto ajihadhari na nyakati mbili: anapoondoka asubuhi barabara ikiwa tupu, na anapotoka kwenye njia ya baiskeli kuingia barabarani. Hapo ndipo mazoea ya zamani humrudisha mtu upande mbaya. Jizoeze kusema "kulia" kwa sauti kila unapoingia barabarani. Kwenye makutano ya vijijini yasiyo na kibao chochote, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama ametokea kwenye uchochoro mdogo.

Vibao vichache vya kuvijua upande wa Ujerumani: duara la buluu lenye baiskeli nyeupe lina maana ya kwamba lazima utumie njia hiyo, usiende barabarani na magari. "Radfahrer absteigen" inakutaka ushuke utembee. "Anlieger frei" inazuia magari yasiyo na shughuli hapo. Ukikiona pamoja na kibao kinachoruhusu baiskeli, furahi, kwani mara nyingi ndiyo barabara ya mashambani uliyokuwa unaitafuta. Njia rasmi ya kuzunguka ziwa huonyeshwa kwa mchoro wa mwendesha baiskeli ambaye gurudumu lake la nyuma ni la buluu. Uswisi vibao vya baiskeli ni vyekundu vilivyokolea, na njia ya mto Rhine ni namba 2.

Hatua ya tano: njia yenyewe

*Konstanz.* Anzia hapa, kwa sababu mji huu haukupigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili na mitaa yake ya kale imebaki. Kuanzia 1414 hadi 1418 ulikuwa na Mtaguso wa Konstanz uliomaliza mgawanyiko wa mapapa. Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyedai mageuzi ya kanisa, alichomwa moto hapa 1415, na Papa Martin V akachaguliwa 1417 katika ghala la wafanyabiashara ambalo hadi leo limesimama kando ya bandari. Mbele yake, kwenye ncha ya gati, sanamu kubwa ya mwanamke aitwaye Imperia inazunguka polepole ikiwa na vijitu viwili viganjani, kimoja kimevaa taji la mfalme na kingine kofia ya papa. Mtaa wa Niederburg, kati ya kanisa kuu na mto, upitie kwa miguu, baiskeli ukiisukuma. Ni mwembamba, na wenyeji huwakasirikia wanaopita mbio.

*Überlinger See.* Kutoka Wallhausen kwenda Bodman ufuo ni ukuta wa msitu, hivyo njia hupanda juu ya rasi na kushuka tena. Asiyetaka mlima apande boti dogo la Wallhausen hadi Überlingen. Mwenye miguu apande, kwani huko juu ni mashamba na misitu na watu wachache, na ziwa huonekana chini kwa vipande. Überlingen bado ina mahandaki na minara ya ukuta wake wa zamani. Baada ya hapo kuna kanisa la hija la Birnau, lililojengwa 1746 hadi 1749 juu ya mizabibu. Simama uingie ndani, umtafute malaika mtoto aliyeshika mzinga wa nyuki huku akilamba asali kidoleni. Chini kidogo, Unteruhldingen, kuna nyumba zilizosimikwa juu ya nguzo majini, zilizojengwa upya kuonyesha makazi ya zama za mawe na shaba. Mabaki halisi ya makazi ya aina hiyo kuzunguka Alpi yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011.

*Meersburg hadi Friedrichshafen.* Meersburg ni miji miwili, wa chini ufuoni na wa juu wenye ngome, na kati yao mteremko mkali wa mawe. Usijaribu kuushuka ukiwa juu ya baiskeli. Kipande cha kilomita 20 kinachofuata ndicho kigumu zaidi kwa mpenda utulivu: barabara kuu ya B31 ina malori mengi, na njia ya ufuoni hujaa. Dawa yake iko juu. Ukiwa umefika Hagnau, acha ufuo, panda kwenye vijia vya lami kati ya mizabibu. Unapanda mita chache tu, kisha unatembea juu ya msongamano wote, milima ya Alpi ikiwa imejipanga ng'ambo. Kuwa makini na matrekta wakati wa mavuno: hayana nafasi ya kukupisha, wewe ndiye wa kusimama majanini.

Friedrichshafen yenyewe si mji mkongwe wa kutazamwa, kwani mabomu ya 1944 yaliumaliza. Sababu yake ni viwanda, na viwanda vilitokana na chombo cha angani cha Zeppelin, kilichoruka kwa mara ya kwanza juu ya maji ya hapa tarehe 2 Julai 1900. Makumbusho yake yako bandarini, mahali pazuri pa kungojea mvua ipite.

*Hadi Lindau.* Eriskirch ina hifadhi ya matete, na mwisho wa Mei mpaka mwanzo wa Juni maua ya irisi ya buluu hufunika majani yake. Kati ya Langenargen na Kressbronn utaona daraja la nyaya la mto Argen la 1898. Pita juu ya hilo badala ya lile la magari. Lindau ni kisiwa kilichounganishwa na bara kwa daraja na tuta la reli; bandari yake ina simba wa mawe upande mmoja na mnara wa taa upande wa pili, vyote vya 1856. Lala hapa kama mfuko unaruhusu. Wageni wa mchana wakiondoka jioni, vichochoro vinabaki vya wenyeji na waliolala.

*Bregenz na delta ya Rhine.* Kilomita kumi za Lindau hadi Bregenz zimebanwa kati ya mlima Pfänder, reli na maji, kwa hiyo zipite alfajiri. Wengi Bregenz huishia ufuoni, kwenye jukwaa la maonyesho lililosimikwa majini. Wewe panda mji wa juu, Oberstadt, kwenye mnara wa Martinsturm. Ni dakika chache tu na mara nyingi hakuna mtu.

Baada ya mji wa Hard kinaanza kipande ninachokipenda kuliko vyote vya ziwa kubwa. Mto Rhine ulikatiwa mkondo mpya hapa mwaka 1900 ili kuzuia mafuriko, na matuta yake yanaendelea ndani ya ziwa. Njia inapita Fussach na Gaissau juu ya nyanda za majani, mifereji na matete, tambarare kabisa, ndege wengi kuliko watu. Hapana kivuli wala pa kujikinga na upepo. Gaissau unavuka daraja fupi juu ya Rhine ya zamani na tayari uko Rheineck, Uswisi.

*Ufuo wa Uswisi.* Rorschach ina ghala kubwa la nafaka bandarini, Arbon ina ngome juu ya mahali palipokuwa na kambi ya Warumi. Kutoka Romanshorn kwenda Kreuzlingen njia inakwenda pamoja na reli, na ikijaa, kata kushoto popote, panda kilomita moja kuelekea Güttingen au Altnau. Utaingia kwenye mashamba ya tufaha na vijiji vya nyumba za mbao na chokaa, kwenye barabara ambazo kwa robo saa unaweza kukutana na trekta moja tu. Kesswil, kijiji alikozaliwa mwanasaikolojia Carl Jung mwaka 1875, kiko njiani. Kati ya Kreuzlingen na Konstanz mpaka hauonekani; ni mtaa unaoendelea.

*Untersee.* Toka Konstanz kupitia Gottlieben, uende Ermatingen, Steckborn na Mammern hadi Stein am Rhein, ziwa likiwa kulia mfululizo. Juu ya Mannenbach kuna jumba la Arenenberg, alikolelewa Napoleon III, baadaye kaizari wa Ufaransa, na mama yake. Stein am Rhein uwanja wa mbele ya ukumbi wa mji umezungukwa na nyumba zilizochorwa picha kuanzia juu hadi chini. Nyingi ya picha hizo ni za miaka ya kuzunguka 1900, lakini ile ya nyumba iitwayo Weisser Adler ni ya karne ya 16. Isogelee, utaona rangi imefifia na mistari ni myembamba kuliko ya jirani zake. Fika kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, mabasi ya watalii yakiwa hayapo.

Daraja ukiwa umeshalivuka kuingia mji huo, rudi mashariki kupitia Öhningen na rasi ya Höri, ambako mwandishi Hermann Hesse aliishi Gaienhofen kuanzia 1904 hadi 1912. Huu ni upande wa Ujerumani wenye bustani za mboga na vilima vidogo, na hata Agosti ni mtulivu. Kutoka Radolfzell fuata Allensbach, kisha kata kulia kwenye tuta lenye mipopla linaloingia kisiwa cha Reichenau. Monasteri yake ilianzishwa 724, na kisiwa kizima ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Katika kanisa la Mt. Georg, Oberzell, michoro ya ukutani yenye umri wa miaka elfu moja hivi inaonyesha miujiza ya Yesu. Uliza kwanza kama kuingia ni kwa kuongozwa, kwa sababu miezi ya joto watu huzuiwa kuingia ovyo ili unyevu usiharibu rangi.

Hatua ya sita: vitanda, chakula na treni

Majira ya joto weka nafasi mapema, hasa ikiwa ni usiku mmoja tu wa Jumamosi, kwani wenye nyumba wengi wanataka anayelala zaidi. Vijiji vilivyo kilomita tatu au nne kutoka majini ni rahisi na kimya zaidi. Maduka ya Ujerumani na Austria hufungwa Jumapili, hivyo nunua mkate na matunda Jumamosi. Katika treni za mikoani baiskeli hupanda, lakini mara nyingi kwa tiketi yake yenyewe, na Uswisi bila tiketi hiyo utatozwa faini. Epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Hatua ya saba: soma taa za dhoruba

Kuzunguka ziwa kuna taa za rangi ya machungwa zinazoonya mabaharia. Zikimulika mara 40 kwa dakika, upepo mkali unaweza kuja. Zikimulika mara 90, dhoruba imekaribia. Zinakuhusu pia wewe wa nchi kavu: ukiziona zikienda kasi ukiwa kwenye delta au kwenye tuta la Reichenau, geuza kuelekea kijiji kilicho karibu, usingoje mawingu. Upepo wa Föhn kutoka Alpi huweza kuvuma anga likiwa safi kabisa, na siku hizo vivuko vidogo husimama.

Ukibakiwa na siku, toka Stein am Rhein ufuate mto hadi Schaffhausen, kilomita 20 hivi. Chini yake kuna maporomoko ya Rhine, yenye upana wa mita 150 na kimo cha mita 23. Njia inapita kando ya misitu na mji mdogo wa Diessenhofen wenye daraja la mbao lililoezekwa. Nenda asubuhi kwa baiskeli, kisha rudi na treni ya ufuoni hadi Kreuzlingen, na Konstanz iko ng'ambo ya mpaka.